Njama ya Ng'ombe Sita wa Kerende

Wadogo zangu mliobaki ofisini, siku ile ya kuniaga mliniomba niwaandikie kitu, na karibu nyote mliuliza swali moja: lini tunamshtaki mtu kwa kula njama, na lini kwa kosa lenyewe? Mngeweza kufungua kitabu cha sheria, jibu limo. Lakini nawajua, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo. Nilipenda kusimuliwa kuliko kusoma. Basi nimekaa barazani kwangu hapa Mugumu, chai ya tangawizi iko pembeni, nawasimulia. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilichelewa, na mishahara mnaijua.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani aliyekuja Mugumu kutoka Pangani akisema atakaa miaka miwili. Kaburi lake liko hapa. Mimi nimekulia kati ya Waikoma, Wanata na Wakurya, nikacheza nao, nikala kwao, kwa hiyo niliingia kazini nikiamini hakuna jambo la watu hawa nisilolijua. Imani hiyo ilinidumu kwa muda mrefu kuliko nilivyostahili.

Nilianza Tarime, enzi ambazo polisi ndio tuliosimama mahakamani kuendesha mashtaka. Siku ya kwanza nilikabidhiwa taipu yenye utepe uliokauka, karatasi za kaboni zilizotumika mpaka zikawa na matundu, na meza yenye mguu mmoja uliotegeshwa jiwe. Pamoja na hivyo nilikabidhiwa kwa Sajenti Mwita, mzee mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kabla ya kusaini hati yoyote ya mashtaka, Sajenti Mwita aliisoma kwa sauti, amesimama. Nikamuuliza kwa nini.

"Binti, kama wewe uliyeiandika unaishiwa pumzi katikati, yule anayesomewa kizimbani ataelewa nini?"

Mpaka nastaafu nilisoma hati zangu kwa sauti, na najua mlikuwa mnanicheka nyuma ya mlango. Nilikuwa nawasikia.

Wiki hiyo hiyo ya kwanza nikaharibu. Wanaume watatu walikuwa wameiba plau shambani kwa mtu, wakakamatwa sokoni wanaitafutia mnunuzi, plau yenyewe bado ina udongo wa mwenyewe. Kesi nyepesi kama hiyo, mimi nikataka kuonyesha nimesoma. Nikaandika kosa la kwanza, kula njama ya kutenda kosa. Kosa la pili, wizi. Nilipomaliza kusoma, hakimu akavua miwani.

"Mwendesha mashtaka, unawashtaki kwa kupanga au kwa kufanya?"

"Vyote, mheshimiwa."

Mahakama nzima ikacheka, na washtakiwa nao wakacheka, na hilo la washtakiwa ndilo lililoniuma. Nikaambiwa nikarekebishe hati. Nilitoka pale natamani ardhi ipasuke.

Mchana Sajenti Mwita alinikuta nimekaa mbele ya taipu siandiki. Akafungua kibweta chake cha chakula, ugali wa mtama na dagaa, akanisogezea.

"Sikia. Watu wawili wakikubaliana kupika ugali, hata unga hawajanunua, hapo wana njama. Wakishabandika maji na kumimina unga, wamejaribu. Ukiiva ukaja mezani, huo sasa ni ugali. Wewe umewakuta wanakula, mikono imejaa mboga, halafu unawashtaki kwa kukubaliana kupika?"

"Kwa hiyo ule mpango wao unapotea bure, afande?"

"Haupotei. Unautoa kama ushahidi kwamba walikuwa pamoja tangu mwanzo, asije mmoja akasema yeye alipita tu. Lakini huukalishi kwenye hati kama kosa la peke yake. Njama ni ya wale ambao hawakufika. Aliyefika, mshtaki kwa alikofika. Kula, mura, dagaa zinapoa."

Aliwaita wote mura, kijana, hata sisi wanawake tulipomfurahisha. Hayo ndiyo maelezo yote niliyowahi kupata kuhusu sehemu hiyo ya sheria, na baadaye nilipokwenda kusomea shahada, mhadhiri alitumia saa mbili kufika pale alipofika Sajenti Mwita kwa dagaa.

Mengine nilijifunza kwa kuumia. Njama inataka watu wawili au zaidi, na inataka wawe wamekubaliana kwa kweli. Mazungumzo ya kilabuni si makubaliano. Tarime ya enzi zile, ungemkamata kila mtu aliyesema akiwa na kata ya pombe mkononi kwamba kesho atakwenda kuleta ng'ombe wa koo fulani, ungebaki wewe na hakimu tu, na hakimu mwenyewe ningemhoji. Na makubaliano yakishapatikana, kosa limetimia palepale, hata kama hakuna aliyeinua mguu. Hilo watu wengi hawalijui, na kutolijua kumenirahisishia kazi. Niliwahi kuwaendeshea mashtaka wanaume wawili waliokamatwa Sirari nyuma ya duka, wakiwa na mkasi mkubwa wa kukatia kufuli na gunia tupu. Mmoja alijitetea kwa kujiamini kabisa: "Madam, sisi hatujaiba kitu. Hiyo duka hatujagusa. Tulikuwa tumekaa wiki nzima tukiplan tu." Mwenzake akamkanyaga mguu, lakini karani alikuwa ameshaandika.

Sasa nije kwenye shauri lenyewe.

Ilikuwa karibu na mwisho wa kazi yangu. Uniform nilikuwa nimeshaivua miaka mingi, kazi ya mashtaka ilipotoka polisi nami nikahamia kwa mawakili wa serikali, nikazunguka, nikarudishwa Tarime. Likaletwa jalada kutoka upande wa Nyamongo. Mlalamikaji alikuwa mzee Chacha wa kijiji cha Kerende, mkulima, mfugaji, Msabato wa kusali kila Jumamosi bila kukosa. Washtakiwa walikuwa vijana wanne. Kiongozi wao, kwa mujibu wa polisi, alikuwa Marwa, fundi wa kuchomelea madirisha pale Nyamongo, mtoto wa marehemu kaka yake Chacha. Mashtaka yalisema walikula njama ya kuiba ng'ombe sita wa baba yake mdogo.

Ushahidi ulikuwa mtamu. Vijana walimfuata mwenye lori wakitaka kukodi gari Jumamosi saa nne asubuhi, mzee akiwa kanisani, wapakie ng'ombe na kuwapeleka Issenye, upande wa Serengeti. Mwenye lori akaomba kibali cha kusafirisha mifugo, hawana. Akaingiwa na hofu, akaenda kwa polisi. Wakakamatwa Ijumaa. Mfukoni kwa Marwa ilikutwa karatasi ya daftari iliyochorwa boma la Chacha: zizi hapa, lango hapa, lori lisimame hapa. Pembeni majina na kazi. Wawili wa kuswaga, mmoja wa kuangalia njia, Marwa kwenye lori. Na mstari wa mwisho: Wankuru, mbwa na lango.

Huyo Wankuru hakuwa amekamatwa. Mpelelezi wa shauri, kijana mwerevu tu mwenye haraka, aliandika kwamba ni mwanamke anayejulikana kwa ujasiri, inasadikiwa amevukia Kenya. Vijana walitakiwa wamtaje, wakakataa. Waliulizwa tena na tena, wakakataa wote wanne. Nami nikasema moyoni, majambazi wa kweli hawa, wanalindana.

Nikasoma na maelezo ya Marwa. Alikuwa amesema: "Nilikuwa nakwenda kuchukua ng'ombe wa dada yangu." Wasomaji wangu Wakurya mmeshaelewa na mnatikisa vichwa. Mimi binti wa Pangani na Mugumu, niliyejua kila kitu, nilielewa kwamba dada yake ana ng'ombe amewaweka kwa Chacha, na huyu bwana anataka kumwibia dada na baba mdogo kwa mpigo. Nikapigia mstari kwa kalamu nyekundu.

Dhamana ilishindikana, wadhamini hawakupatikana, vijana wakarudi rumande. Mambo ya Marwa yalikuwa mabaya kuliko ya wenzake. Alikuwa amemchumbia binti wa Issenye aitwaye Nyangi, na baba yake Nyangi alishatuma neno: mtu akifungwa kwa wizi wa ng'ombe, asikanyage kwangu. Kwa hiyo kijana alikuwa anangoja hukumu mbili, na ya hakimu ndiyo iliyokuwa nyepesi.

Kila shauri lilipotajwa, bibi kizee mmoja alikaa benchi la mbele, nyuma yangu kabisa, na kibuyu cha maziwa ya mgando ambacho askari wa mahakama hakumruhusu kukipitisha kizimbani. Kila mara nilimsalimu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mume wangu unamwachia lini?"

Alimaanisha Marwa. Kule bibi na mjukuu ndivyo wanavyotaniana, mjukuu wa kiume ni mume na hapana ubishi. Nikamjibu sheria itaamua. Akaniambia, "Basi iambie ifanye haraka, mimi nazeeka." Nilimpenda. Sikumuuliza jina.

Siku ya kusikilizwa ikafika. Hapa nisikieni vizuri: kaa na shahidi wako mapema. Mimi asubuhi ile nilikuwa na mashauri mengi, nikamwona Chacha dakika chache tu mlangoni, nikamwambia ajibu ninachouliza. Akapanda kizimba cha mashahidi na suti yake ya kanisani. Tukaenda vizuri. Ng'ombe wako sita? Sita. Wako zizini kwako? Kwangu. Uliwaruhusu washtakiwa wawachukue? Hapana. Nikataka kufunga kwa kishindo.

"Ieleze mahakama, ng'ombe hao uliwapata wapi?"

Chacha akatazama viatu vyake. Ni mtu anayeogopa kiapo, hilo namkubalia. "Waliletwa Robhi alipoolewa."

"Robhi ni nani?"

"Dada yake Marwa."

Mahakama ikaguna yote kwa pamoja. Karani, mzee wa Kikurya, akaacha kuandika na kunitazama kwa huruma. Sikujua nimekanyaga nini, ila nilijua nimekanyaga. Nikakimbilia kwenye mambo mengine, nikachukua ile karatasi.

"Tuyaache hayo. Nyumbani kwako kuna mbwa?"

"Yupo. Mkali sana. Hata mimi mwenyewe ananibwekea."

"Sasa mwizi angempitaje mbwa kama huyo?"

"Hawezi. Mbwa yule anamsikiliza mtu mmoja tu."

"Nani?"

"Mama yangu."

Nikauliza kwa sababu swali lilikuwa limeshanifika mdomoni na haliwezi kurudi. "Mama yako anaitwa nani?"

"Wankuru," akasema Chacha, akanyoosha kidole nyuma yangu. "Si yule pale."

Nikageuka. Bibi alikuwa ameshasimama na kibuyu chake. "Nipo," akasema.

Mpelelezi wangu alikuwa amekaa benchi hilo hilo la mbele. Mshtakiwa wa tano, anayesadikiwa kuvukia Kenya, alikuwa amekaa naye bega kwa bega tangu siku ya kwanza, na nilikuja kuambiwa kwamba mara moja alimpa yule kijana maziwa akanywa. Hakimu akaahirisha kwa nusu saa. Nadhani alitaka kwenda kucheka mahali pa faragha.

Karani akanifuata ofisini, akafunga mlango.

"Mama, ng'ombe wa dada ni ng'ombe wa kaka. Dada akiolewa, mahari yake ndiyo inayomwolea ndugu yake wa tumbo moja. Baba yao alishakufa, Chacha aliwashika tu ng'ombe mpaka kijana apate mchumba. Ritongo, baraza la ukoo, ilishakaa ikamwambia awatoe. Akasema baada ya mavuno. Mavuno yakapita."

Kabla sijajibu, mlango ukafunguliwa na Wankuru akaingia bila hodi, akakaa.

"Nimechoka kungoja mavuno ya Chacha. Mpango ni wangu. Hao vijana ni wa kubeba tu. Mimi nilisema Jumamosi, mimi nilisema lori, mmoja wao aliyesoma akachora. Niandike mimi, uwatoe hao."

Nilikuwa na mtu aliyekiri mbele yangu kwamba amekubaliana na wengine wanne, kwa nia moja, na mgawanyo wa kazi ulioandikwa. Miaka yangu yote sijawahi kupata njama iliyothibitika vizuri namna ile. Kila kitu kilikuwepo. Nikabaki nimeshika kalamu.

Halafu nikafanya kitu ambacho naomba mkifanye kila mkiletewa jalada la njama. Nikaacha kuangalia mpango, nikaufikisha mwisho. Nikasema, haya, tuseme polisi hawakuja. Jumamosi imefika, Chacha yuko kanisani anaimba, Wankuru kamshika mbwa na kufungua lango, lori limejaa, ng'ombe wameshuka Issenye. Jioni imeingia. Nani ameibiwa? Marwa amechukua alichoamini kwa moyo safi kuwa ni chake, na ukoo mzima unaamini hivyo, na Chacha mwenyewe chini ya kiapo hawezi kukataa. Mtu anayechukua akiamini kwa dhati ana haki, sheria haimwiti mwizi. Na kama mwisho wa safari hakuna wizi, watu hawa walikubaliana kutenda kosa gani? Wangeweza kudaiwa faini ya kusafirisha mifugo bila kibali, na hata hiyo hawakuisafirisha.

Sasa ugumu ulikuwa wangu. Ningeweza kunyamaza na kuendelea. Karatasi ninayo, mwenye lori ninaye, hakimu angejiamulia. Kuondoa shauri katikati ya shahidi wako mwenyewe ni kukiri hadharani kwamba hukuelewa jalada lako. Nilikumbuka jinsi washtakiwa wa plau walivyonicheka, na nikajua leo nitachekwa zaidi. Nikapiga simu kwa mkubwa wangu wa kazi, nikamweleza. Akauliza, "Bibi mwenyewe ana umri gani?" Nikamwambia. Akasema, "Ondoa, Mama. Ondoa upesi."

Nikarudi mahakamani, nikasimama, nikasema Jamhuri haina nia ya kuendelea na shauri hili, nikaeleza sababu. Hakimu akanitazama.

"Mwendesha mashtaka, leo umehamia upande wa utetezi?"

"Leo tu, mheshimiwa."

Wakacheka. Safari hii nami nilicheka, na nilicheka mpaka nikatoa kitambaa. Hakimu akawaachia wote wanne. Vilipigwa vigelegele ambavyo karani alijifanya havisikii. Askari alifungua kizimba, lakini Marwa hakutoka; alibaki ameshika mbao, haamini, mpaka wenzake wakamsukuma. Sijui kama niliwahi kuipenda kazi yangu kama dakika ile, na nilikuwa nimeshindwa.

Nje Wankuru alimshika mwanawe Chacha mkono wa suti mbele ya watu wote.

"Kesho kutwa ni Jumapili," alimwambia. "Lori lipo, kibali utakwenda kukikata wewe mwenyewe. Lango utafungua wewe."

"Ndiyo, mama."

Sauti ilikuwa ndogo, lakini niliona mabega yake yameshuka, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nadhani hata yeye alikuwa amechoka na yale mavuno.

Nilikuwa nakusanya majalada yangu niondoke pale nilipomwona mzee mgeni, mrefu, kofia mkononi, amesimama pembeni ya ukuta na binti aliyekuwa analia na kucheka kwa pamoja. Alikuwa baba yake Nyangi. Alipanda gari alfajiri kutoka Issenye aje amwone mwizi kwa macho yake, arudi amalize maneno nyumbani. Akamwendea Marwa. Watu wakasogea karibu, na mimi nikayaweka majalada chini, maana ile hukumu nyingine ndiyo ilikuwa inasomwa sasa.

"Wiki zote hizo ndani," akasema mzee, "polisi wanakuuliza Wankuru ni nani. Kwa nini hukusema?"

Marwa akainama. "Shikamoo, baba. Ni bibi yangu. Ningemtajaje?"

Mzee akavaa kofia yake. Akamgeukia binti yake, akarudi kwa Marwa, akasema kwa sauti ya mtu asiyejua kunong'ona: "Kijana wa namna hii, mimi hata bila ng'ombe mmoja ningempa binti yangu."

Wankuru alimrukia kwa kasi ambayo sikuijua, akamziba mdomo kwa kiganja.

"Punguza sauti, mkwe," alisema, "Chacha yuko hapo, asije akasikia."